Mahali pa Mama yake Diane

Baba yangu alifika Sydney akiwa na miaka sabini na sita, na mwaka mzima wa kwanza aliumaliza kwenye kochi letu la Doonside akitazama kriketi asiyoielewa. Mimi nalea wazee wa watu wengine, shift za asubuhi na za mchana, nawaogesha, nawalisha, nawasifia nywele. Halafu narudi nyumbani namkuta mzee wangu mwenyewe ameketi palepale nilipomwacha, na chai yake imepoa. Usiniulize kama hilo lilinichoma. Lilinichoma kila siku.

Kwa hiyo jioni alipokuja mezani na macho makali, akaniambia ameona jambo la aibu, nilifurahi hata kabla sijajua ni jambo gani.

"Faida," alisema, "hawa watu wanatupa wafu wao."

Alikuwa ametoka kutembea. Alivuka reli, akapita nyuma ya maghala ya vifurushi, akakuta uzio wa waya na lango lisilofungwa. Ndani kulikuwa na makaburi ya zamani, ya kanisa ambalo lenyewe halipo tena.

"Majani inafika hapa," akajigusa goti. "Juu ya kaburi! Mawe imelala, misalaba imevunjika, hakuna hata mutu mumoja. Watoto wao wako wapi?"

"Papa, hao ni watu wa zamani sana. Miaka mia na hamsini. Hata watoto wao walishakufa."

"Na wajukuu?"

Wajukuu ndio hao ninaowaogesha kazini, lakini hilo ungelielezaje kwa mzee wa kwetu Fizi? Kwetu kaburi linafagiliwa kama uwanja wa nyumba. Unang'oa majani yote mpaka udongo ubaki peke yake, mwekundu, safi, na mpita njia akiona anajua kwamba aliyelala pale ana watu. Kaburi lenye majani ni la mtu asiye na watu, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Baba alikuwa ameona uwanja mzima wa tusi hilo, na halikumpa usingizi.

Jembe nilimnunulia mimi. Liandike hilo kwanza kabla hujamlaumu mzee. Nilikwenda dukani siku ya mapumziko, nikachagua lenye mpini mrefu ili asiumie mgongo, nikamwongezea glovu na kofia ya jua. Langoni kwa yale makaburi palikuwa na kibao chenye maandishi mengi. Baba hasomi Kiingereza. Mimi ninakisoma vizuri sana, ila sikwenda kukiona.

Wiki sita alitoka nyumbani asubuhi kama mtu mwenye ajira. Alirudi na udongo kwenye kucha, akala ugali sahani mbili, akalala bila kukohoa. Ulikuwa mwezi wa nne kuingia wa tano, jua limepoa, hali ya hewa ya kulimia. Alinihadithia kila jiwe alilolisafisha: lile lenye mkono uliochongwa, lile lenye mwana-kondoo, ambalo alijua ni la mtoto ingawa hakuweza kusoma. Kanisani kwetu Blacktown watu walimpongeza. Mchungaji alisema hadharani kwamba Mzee Wilondja anawafundisha wazungu heshima, na sisi sote tukapiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote.

Majani aliyang'oa, akayaleta nyumbani kwa mifuko, akayajaza kwenye pipa letu la takataka za bustani. Siku moja nilipofungua kifuniko niliona vitu vyeupe mithili ya vitunguu, vingi ajabu, na majani yake membamba bado mabichi. Nikajisemea, kumbe hata huku kuna vitunguu pori. Nikalisukuma pipa mpaka barabarani. Asubuhi gari likaja likabeba.

Mwisho wa mwezi wa tano, Jumamosi, kengele ililia. Mlangoni alisimama bibi wa kizungu, mdogo wa mwili, fimbo mkono mmoja na jalada la karatasi kwapani, na nyuma yake mwanamume wa makamo aliyekuwa ananitazama kama mtu aliyeambiwa asiseme neno. Bibi alijitaja: Diane, katibu wa chama cha historia ya eneo hili kwa miaka thelathini na mmoja. Yule mwanamume alikuwa Rufus, mtoto wa dada yake. Jirani mmoja alikuwa amewaambia mzee mwenye jembe anaishi wapi.

Nilidhani wamekuja kushukuru. Nilishaanza kuchemsha maji.

Mama Diane aliketi, akafungua jalada, na kwa sauti ya kuishiwa pumzi akanieleza kile kibao kilisema nini. Kwamba majani yale si uchafu. Ni nyasi za asili za nchi hii, zilizokuwa hapa kabla mzungu hajashuka, na kote kwingine zimelimwa, zimejengewa, zimekwisha. Zilibaki mle makaburini tu kwa sababu hakuna aliyethubutu kulima juu ya wafu. Chama chao kilizikata mara mbili kwa mwaka, baada ya mbegu kudondoka, na ndiyo maana zilionekana zimeachwa. Alisema hilo lenyewe angelisamehe. Nyasi pengine zingerudi.

Rufus akaangalia dirishani.

"Pale kuna watu mia moja na tisa," alisema Mama Diane. "Mawe ni arobaini na moja. Waliobaki hawana jiwe. Mmoja wao ni mama yangu."

Mama yake alifariki mwaka 1948, Diane akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa mchomaji wa matofali, na jiwe la kaburi hakuliweza. Alichoweza ni kupanda maua, yale meupe yanayoinamisha vichwa, yanayotoka ardhini kila majira ya baridi kutoka kwenye mzizi wake ulio kama kitunguu. Aliyapanda kwa kufuata umbo la kaburi. Miaka yote hiyo yalizaana, yakasambaa hapa na pale, lakini palepale pa mama yake yalibaki mazito kama zulia. Kila mwezi wa nane Diane alikwenda, akasimama miguuni pa zulia lile. Daftari la mazishi liliungua pamoja na kanisa. Yeye aliwatafutia watu wote wale majina yao, nani aliuawa na treni, nani na homa, nani alikufa siku ya kuzaliwa, akaandika kitabu kizima, ila kwenye kaburi la mama yake hakuwahi kupiga hata kijiti.

"Kwa nini ningepiga?" aliniuliza. "Nilikuwa napajua."

Alikuwa mgonjwa. Ini. Madaktari walimpa mpaka majira ya joto, na yeye hakuwaamini, alijipa muda mfupi zaidi. Makaburi yale yalifungwa zamani, lakini council, halmashauri ya mji, ilikuwa imemkubalia kwa maandishi azikwe ndani ya kaburi la mama yake, kwa sharti moja: kaburi lionyeshwe na lipigwe kigingi. Mtu wa kigingi alikuwa aje baada ya wiki mbili.

Baba alikuwa kochini muda wote huo, anatabasamu kwa wageni, anasubiri nimtafsirie shukrani zao.

Nikamtafsiria. Sikupunguza kitu. Alianza kwa kujitetea, akasema, "Lakini mi nilimutolea mama yake uchafu." Halafu nikamwambia kuhusu maua, majani yale ya kama kitunguu. Nikaona anaelewa. Alitelemka kutoka kwenye kochi akaketi chini sakafuni, mbele ya bibi yule, miguu ameikunja kama mtu aliyefiwa, na akawa hainui uso.

Jumatatu yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda kuyaona makaburi kwa mara ya kwanza. Nisiseme uongo, yalipendeza. Mawe yote yamesimamishwa, yamesuguliwa, na udongo umefagiliwa mpaka kwenye uzio. Ungedhani uko nyumbani. Ule upande usio na mawe ulikuwa umelala wazi, sawasawa, mwekundu, hakuna bonde wala kichuguu, kwa sababu baba, ambaye hafanyi kazi nusunusu, alikuwa amesawazisha kila kitu. Mama Diane alisimama pembeni, akahesabu hatua kutoka langoni, akakosea, akarudia. Kulikuwa na mti aliokuwa anautumia kama alama alipokuwa mtoto. Mti ulikatwa miaka mingi iliyopita. Picha zilikuwepo, Rufus alileta simu yake na albamu mbili. Kwenye zote unaona maua kwa karibu, mazuri, na ncha za viatu vya Mama Diane.

Watu wa chama wakaleta mashine ya kuona chini ya ardhi, inasukumwa kama kigari cha mtoto. Kijana aliyeisukuma alizunguka saa nzima kisha akatikisa kichwa. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi, mawimbi hayapiti, na juu ulikuwa umechimbuliwa chimbuliwa. Kwenye kioo chake alionyesha vivuli kumi na vitatu ambavyo vingeweza kuwa makaburi, au mizizi, au maji.

Ikabaki njia moja. Bwana wa council, yule wa kuja kupiga kigingi, hakuwa mtu mbaya. Alisema kama aliyeyang'oa maua yale atakuja, atakumbuka ni wapi yalipokuwa mazito, ataweka kigingi kwa mkono wake na kutia saini, yeye atakubali, atakwenda nayo ofisini na hakuna atakayeuliza zaidi.

Siku tatu baba hakula chochote cha maana. Alikaa na karatasi na kalamu ya Gloire, binti yangu, anachora mistari na kuifuta. Nilimwona kutoka jikoni, midomo inatembea, anahesabu siku: siku ile nilianzia kwenye uzio, siku ile mvua ilinyesha. Nilimwombea. Niliomba kwa hasira, kama mtu anayedai.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi na upepo. Tulikuwa watano: Mama Diane kwenye kiti cha magurudumu sasa, maana hali yake ilishashuka haraka, Rufus nyuma yake, bwana wa council na kigingi chenye kichwa cha rangi ya pinki, baba ndani ya koti langu la kazini, na mimi katikati, mdomo wa watu wote.

Baba alitembea udongo ule kwa muda mrefu. Alisimama, akainama, akashika udongo, akasonga. Mama Diane hakuondoa macho kwenye viatu vyake. Kila alipopunguza mwendo niliona vidole vya bibi vinabana blanketi.

Mwishowe alirudi akasimama mbele yangu.

"Waambie sijue," alisema. "Ile maua ilikuwa mingi, pale, na pale, na pale. Nilikuwa nalima tu, sikuwa naangalia. Mwambie mama huyu sijue, mwanangu."

Hapa ndipo nilipofanya nililofanya. Usifikiri sikujua uzito wake. Mimi nina mahali pangu. Mama yangu alikufa mwaka 1996 tulipokimbia vita Fizi, tumetawanyika, mimi mbele na shangazi, yeye na baba nyuma. Miezi miwili baadaye baba alinishika mkono akanipeleka kando ya njia, penye michikichi miwili, akanionyesha udongo ulioinuka, akasema, "Mama yako eko hapa." Nililala juu yake nikalia mpaka nikatapika. Nikauzungushia mawe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo nikifumba macho kusali ni pale ninapopaona. Kambini nilipaona, kwenye ndege nilipaona. Mtu akiwa na mahali pa kumweka mama yake anaweza kuishi. Kwa hiyo niliwageukia nikasema kwa Kiingereza safi:

"Anasema anakumbuka. Ni pale, karibu na uzio, hatua kama nne."

Mama Diane alifumba macho. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Bwana wa council akampa baba kigingi.

Baba akakitazama. Akanitazama mimi. Akakitazama tena, na sikuhitaji kumweleza chochote, alikuwa amenisoma. Kwa sekunde chache nilidhani atakwenda. Hatua nne tu! Badala yake alimwendea Mama Diane, akapiga magoti kwenye udongo, akaweka kigingi mapajani pake kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Kwa Kiingereza chake chote alichonacho akasema, "No. Sorry. No."

Upepo ulikuwa unapiga karatasi za bwana wa council. Rufus akaanza kunitukana, na alikuwa na haki, lakini bibi aliinua mkono akamnyamazisha. Alimtazama baba karibu karibu, kama anayetafuta kitu usoni pake.

"Mwambie," akaniambia taratibu, "ningependa angedanganya."

Nikamgeukia baba. "Anasema asante, Papa."

"Hapana," baba akasema. "Thank you naijua. Hakusema ile."

Ndani ya gari nilimlipukia. Sijawahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu, na siku ile nilipiga kelele kutoka Doonside mpaka karibu na Blacktown, maana nilipitiliza nyumbani bila kujua. Nilimwambia ni mkatili. Hatua nne, Papa! Bibi anakufa, angekufa anajua analala na mama yake, na nani angeumia? Hao walio chini? Nikamwambia yeye ndiye aliyeharibu, na alipopewa nafasi ya kutengeneza akajifanya mtakatifu. Nikamwambia, wewe unajua kabisa kaburi ni nini kwa mtoto. Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha langu.

Alikuwa ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili.

"Simamisha gari," alisema.

Nikasimama kando ya barabara. Basi la nyuma likanipigia honi.

"Mama yako sikumuzika," baba alisema. "Masasi ilikuwa inalia, watu wote wanakimbia. Nilimuacha chini ya muti, nikamufunika kitenge ku uso. Niliporudi hakuwako tena. Nilitafuta wiki mbili. Na weye haukule, haukulala, kila siku unaniuliza wamemuweka wapi, wamemuweka wapi. Ungekufa na weye. Basi nikatafuta udongo yenye iliinuka kidogo."

"Kaburi la nani lile?"

"Sijue kama ni kaburi." Akalegeza mkanda. "Kulikuwa mashamba pale. Pengine ilikuwa tuta ya viazi."

Nilitaka kumpiga. Ndiyo, mzee wa miaka sabini na minane, baba yangu. Mkono uliinuka wenyewe, nikaupeleka kwenye usukani.

"Miaka yote hii nakuona unasali na macho imefungwa," alisema, "na mi najua unaangalia nini. Sikutaka kuifanya mara mbili. Ni mara moja tu nilidanganya juu ya maiti, Faida, na haikunitoka."

"Basi ungekaa nayo!" nikamwambia. "Kwa nini umenipa mimi?"

Nafikiri alikuwa amechoka kukaa nayo peke yake, na kwa kuwa ni baba yangu sina jinsi ya kuirudisha.

Mama Diane alifariki mwezi wa saba. Hakutaka tena kuzikwa popote. Alimwambia Rufus wamchome tu, haina maana sasa. Rufus alinitumia ujumbe wa mistari miwili, sikutegemea hata huo. Majivu yako kabatini kwake Penrith. Amesema hajui ayapeleke wapi, na pale makaburini hatakwenda. Baba aliniuliza kama bibi ameshawekwa. Nikasema bado. Ananiuliza kila Jumapili tukitoka ibada, na kila Jumapili nasema bado. Siku hizi anakaa kochini tena. Kriketi imekwisha, sasa ni mpira wa miguu.

Nimejaribu kumsamehe na kuna siku naweza. Lakini nikiwa mkweli, niko upande wa Mama Diane: ningependa angeendelea kudanganya. Nikifumba macho kusali, ule udongo bado unakuja wenyewe, na michikichi miwili, na mawe niliyoyazungusha kwa mikono yangu. Sasa unakuja na majani ya viazi juu yake, na sijui namwombea nani pale.